Mama Majani, Aliyelima Akaitwa Mvivu

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Majani, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 katika nyumba ya kupanga nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba aliendesha kinu na mama alilima. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kubisha kabla hajaota meno. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho, na kubisha nimejifunza kwake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akafaulu vizuri. Mwaka huohuo mama aliumwa mgongo, ikabidi mtu ashike jembe, naye ndiye aliyebaki. Mwalimu wake alikuja nyumbani kumwombea aendelee na masomo, akanywa chai, akaondoka bila jibu.

Tarehe 20 Agosti 1983 aliolewa na fundi baiskeli, mtu mpole aliyecheka kwa mabega tu, bila sauti. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye leo ni fundi cherehani. Walilima shamba la bondeni, la urithi wa upande wa mume. Fundi alifariki mwaka 1998, na dada akaendelea kulima hapo.

Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza kutuchezea. Bibi shamba mmoja akaja kuwafundisha wanawake wasichome mabua bali wayatandaze ili udongo usikauke, wasitifue shamba zima bali wachimbe mashimo na kutia samadi, na wapande kunde katikati ya mahindi. Wengi waliona ni mambo ya wasomi. Dada alijaribu. Mwaka 2001 jua lilipounguza mashamba ya kila mtu, mahindi yake yalisimama. Watu walikuja kutazama, na shemeji yetu mkubwa, kaka yake fundi, naye akaja. Msimu uliofuata alisema shamba la mdogo wake analihitaji mwenyewe, na mjane akapewa kule mlimani kwenye mawe. Nasema haya nikijua shemeji amekaa kiti cha mbele. Mpeni maji anywe.

Mlimani alianza upya. Mawe aliyapanga mistari kukinga maji, akachimba mashimo yake, akatandaza mabua. Lakini safari hii aliyatandaza hovyo makusudi, na ukingoni mwa njia akaacha magugu yaote ili mpita njia asione ndani. Watu wakasema mjane ni mvivu, shamba limemshinda. Wakambandika jina la Mama Majani, naye akaliitikia kwa bashasha. Mavuno aliyateremsha ndoo moja moja, amefunika kitambaa. Wanawake wenzake walipogundua, aliwafundisha wote, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa akilima shamba lisilo lake. "Wakikucheka usijitetee," aliwaambia. "Waache wacheke, wewe tandaza."

Bwana shamba aliyepo hapa atakumbuka alivyokuja na kibao kizuri kilichoandikwa SHAMBA DARASA, akitaka akisimamishe mlimani na kuleta wageni. Dada alimshukuru, akakipokea kwa mikono miwili. Bwana shamba aliporudi na wageni wake hakukuta kibao wala mwenye shamba. Kilikuwa mlango wa banda la kuku, maandishi yakiwa upande wa ndani, na hadi leo kuku wake ndio pekee waliofaidi darasa hilo.

Tumecheka, lakini msidhani alifurahia kujificha huko. Mwaka 2010 aliitwa kuwa mkufunzi wa wanawake wakulima, kazi ya kukaa chuoni na kuzunguka vijiji. Aliifurahia kama msichana. Alifungasha begi, kisha akalisukuma chini ya kitanda. Nilimgombeza sana. Akaniambia, "Mdogo wangu, nikikosa msimu mmoja tu, nitarudi nikute plau ya shemeji. Nimefungwa na kitu ambacho hata si changu." Hilo ndilo neno lililoniuma kuliko yote aliyowahi kuniambia. Begi bado liko chini ya kitanda.

Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba. Hospitali walisema moyo umetanuka, wakataka alazwe, na mvua zilikuwa zinakaribia. Daktari alimwambia, "Mama, shamba litakusubiri." Akajibu, "Hilo halinisubiri, daktari. Lina wenyewe." Alirudi na dawa zake, akapanda. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, asubuhi, kitandani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono.

Alituachia agizo moja: "Nizikeni mlimani, katikati kabisa. Si pembeni." Tulidhani ni mapenzi tu ya shamba. Jana vijana walipanda na mitaimbo ya kuvunjia mawe, na haikuguswa. Jembe lilizama. Udongo ulitoka mweusi, una unyevu na minyoo, wakati mlima mzima umekauka. Shemeji aliokota konzi moja, akaifikicha, akainusa. Akauliza, "Hivi huku juu sasa atalima nani?"

Mimi nilikuwa nimeelewa kwa nini alisema katikati. Alijua kwamba siku ya kuchimba kaburi lake siri ya miaka yote ingetoka, na kwamba kaburi la pembeni lingezungukwa na plau bila shida. Inaniuma. Miaka yote hiyo alitamani kutoka kule mlimani, na leo tumempandisha akae.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, ndugu watatu nikiwemo mimi, na wanawake wa kikundi chake, ambao naomba wasimame muwaone. Mlimani atalima binti yake, kuanzia mvua hizi. Shemeji, swali lako la jana limejibiwa mbele ya watu wote, na jibu limechapwa kwenye karatasi ya wasifu huu uliyoshika.

Apumzike kwa amani katikati ya shamba lake, na mtu asimsogeze.