Bi Shubiri Alikuwa Mama Yangu

Ndugu waombolezaji, mama mliyezoea kumwita Bi Shubiri, ambaye historia yake inasomwa na mwanawe wa pekee, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, akasoma hadi chuo cha ualimu, alikohitimu tarehe 2 Desemba 1972, kisha akafundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na minne.

Alifunga ndoa na fundi mitambo wa redio tarehe 18 Juni 1977, wakajaliwa binti mwaka 1979, na mwaka 1986 akabaki mjane.

Tarehe 5 Mei 1987 alikwenda studio za televisheni kumpelekea jirani miwani aliyoisahau, mwongozaji akamsikia akimkemea mlinzi, akampa nafasi ya mama mkwe mchungu kama shubiri katika tamthilia, nafasi aliyoishika miaka ishirini na sita, hata wauza nyanya sokoni wakawa wanamnunia, naye akirudi nyumbani anacheka mpaka anashika mbavu.

Binti hakucheka. Mwaka 1993, akiwa kidato cha kwanza, wenzake walipomzomea aliwaambia, "Yule si mama, ni shangazi tu," maneno ambayo marehemu aliyasikia akiwa amesimama mlangoni mwa darasa na mfuko wa machungwa, wala hakumsuta, ila tangu hapo, kila siku ya wazazi shuleni, aliandika kwa mkono wake katika daftari la wageni: shangazi.

Februari 2019 sauti ilianza kukwaruza, ikagundulika ni saratani ya koo, na upasuaji wa tarehe 11 Aprili ukaiondoa sauti hiyo kabisa, akawa anazungumza kwa kalamu. Binti alipopiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Mama, nisamehe yale ya shuleni," marehemu aliandika, "Yapi? Shangazi hakumbuki," kisha akamvuta kifuani, wakalia wote wawili.

Alifariki tarehe 30 Agosti 2020, saa kumi na mbili asubuhi, binti akiwa ametoka kufuata maji ya moto, dakika tano tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na waigizaji wenzake, hasa yule mkwe aliyeteswa naye kwenye televisheni miaka yote hiyo, aliyekuja kila Jumamosi kumwosha miguu.

Lala, Mama. Mwanao yuko hapa, na amesema mbele ya watu wote kuwa wewe ni mama yake.