Sindano Zisizokuwa Zangu

Ndugu zangu, nawasalimu katika Bwana, hata mimi mnayenijua kwa kubishana na wahubiri. Jina lake lisifiwe.

Niliolewa Kagarama baada ya kumaliza chuo. Miaka mitatu ikapita bila mtoto. Mama mkwe aliniambia mbele ya wageni, "Mwanangu, ng'ombe wa mahari tuliyempeleka kwenu ameshazaa mara mbili. Wewe unamngoja nani?" Wageni walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda kulia jikoni.

Niliomba, nikafunga, nikaona Mungu yuko kimya. Nikaenda kwa daktari mmoja wa binafsi mjini. Miaka miwili alinidunga sindano. Nilivimba, nikatokwa na damu, naye kila mwezi alisema tumekaribia. Mume wangu hakuitwa kupimwa hata siku moja. Nilipouliza sababu, daktari alisema, "Madamu, wanaume wa hapa hawapimwi. Ukimleta, umemvunjia heshima." Mimi msomi nikakubali.

Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwa nchi, watu wanazika wana wao, nami nilitaka kuzaa tu. Mwishowe daktari akasema ana mbegu za kijana mmoja. "Anafanana na mumeo. Hatajua."

Nikiwa tayari nimelala kitandani pale kliniki, nikauliza: huyo kijana amepimwa ukimwi? Mtoto akiniuliza baba yake, nitamjibu nini?

"Unauliza kama polisi," alisema. "Unataka mtoto au unataka majibu?"

Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilijua tu kwamba siwezi kumzaa mtoto ndani ya uongo. Nikashuka, nikavaa, nikaenda kumweleza mume wangu yote.

Naye akasema, "Ni mimi. Nilipimwa kabla ya harusi. Niliona haya."

Alikuwa akiniona nikidungwa miaka miwili. Uchungu huo bado ninao. Nilirudi kwa wazazi wangu. Jumapili moja mume wangu akaja na mama yake, akasema mbele ya baba yangu, "Mama, usimseme tena mke wangu. Asiyezaa ni mimi." Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge chake.

Nimerudiana na mume wangu; hatuna mtoto, na huenda tusipate. Kwa nini, Mungu hajaniambia. Lakini alinitoa mikononi mwa mtu aliyeuza machozi yangu, na namshukuru nikiwa bado nalia. Dada unayekwenda kwa daktari kama huyo, uliza. Kaka unayenyamaza, mkeo anaumia kwa ajili yako. Mpeni Bwana lile mnaloliona aibu. Mimi nilimpa maswali yangu, hakunifukuza.