Papa Sadrack Bofoya, Fundi wa Gitaa Aliyevuka Mto

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema kwenu mlioko Kisangani, na ninyi mnaotupata huko Yanonge na Isangi. Mimi ni Chancelle. Sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Papa Sadrack Bofoya, fundi wa gitaa wa wilaya ya Tshopo. Tulimzika Jumamosi iliyopita. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Nitawaeleza jambo ambalo familia yake haikutaka nifiche. Papa Sadrack alikuwa mwoga. Binti yake Jemima, ambaye alifanya kazi naye, aliniambia hivi mbele ya watu wa matanga: "Papa alikuwa anaogopa, na hakukuwa na haya ya kusema. Mulango ukipigwa na upepo, kifaa inaanguka mu mukono yake."

Alizaliwa Yanonge, ukingoni mwa mto. Baba yake alichonga mitumbwi. Huko ndiko Sadrack alikojifunza kuchimba mti kutoka ndani mpaka ubaki mwembamba bila kupasuka. Alipohamia mjini akawa seremala wa vitanda na makabati.

Magitaa yalimfikia kupitia rafiki. Rafiki huyo ni Papa Moussa, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Kindu na kujenga ng'ambo ya mto, Lubunga. Siku moja Moussa alimletea gitaa la zamani lililopasuka uso. Halikuwa gitaa la uso bapa kama yale tunayoyaona kwenye baa. Uso wake ulivimba kidogo katikati, kama tumbo la mtu aliyeshiba, na ulikuwa na matundu mawili marefu yaliyopinda, kama ya fidla. Sadrack aliligeuza, akalinusa, akaligonga kwa kidole.

"Hii hawakukunja mbao," alisema. "Hii walichonga. Ni pirogue hii, mutumbwi kama ya baba."

Akalitengeneza. Halafu akachonga lake mwenyewe, mbao ya tola kwa uso, lifaki kwa mgongo. Kila gitaa lilimchukua miezi. Anapunguza mbao kwa randa ndogo, anagonga, anasikiliza, anapunguza tena. Akizidisha kidogo tu, uso wote unakufa.

Moussa alianza kuyakusanya. Ya Sadrack, na mengine ya zamani aliyoyatafuta mpaka Kindu. Kumi na moja yalining'inia sebuleni kwake. Na Moussa hajui kupiga hata wimbo mmoja, wasikilizaji. Ijumaa akitoka msikitini anayashusha, anayapangusa, anayarudisha. Watu walimcheka. Nilimuuliza sababu. Akajibu: "Kila gitaa iko na mukono ya mutu ndani. Mimi nachunga mikono."

Sasa tuje kwenye hofu. Mwaka wa elfu mbili, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana kwa mabomu mjini kwetu, siku zile sita ambazo wakubwa hapa wanazijua, Papa Sadrack na mkewe, Mama Émilie, walilala chini ya meza ya kazi. Magitaa yalikuwa ukutani, na nyuzi zake zilikuwa zimekazwa. Kila bomu lilipoanguka, zililia zenyewe, zote pamoja. Mama Émilie anasimulia: "Aliniambia, Émilie, zitatuonyesha kwa wanajeshi. Akatambaa. Akalegeza uzi moja moja. Nilikuwa namuvuta muguu arudi."

Walipona. Lakini tangu hapo Papa Sadrack hakutembea jioni. Akiona kizuizi cha barabarani, anageuka na kurudi nyumbani. Ng'ambo hakuenda tena. Moussa ndiye aliyekuwa anakuja.

Halafu, si miaka mingi iliyopita, vurugu za jamii mbili zinazogombania mashamba zikafika Lubunga. Upande huu tuliona moshi. Mitumbwi ilikuja imejaa akina mama, magodoro na mbuzi. Ilirudi mitupu kuchukua wengine. Papa Sadrack alisimama ukingoni tangu asubuhi, akitazama kila uso unaoshuka. Moussa hakushuka. Simu yake haikupatikana.

Alasiri Papa Sadrack akapanda mtumbwi mtupu. Mpiga kasia akamshangaa.

"Papa, unaenda wapi? Watu wote wanakimbia kule."

"Naenda kuchukua mutu."

Alishika kingo mbili za mtumbwi mpaka vidole vikaumia. Alimkuta Moussa nyumbani, anafunga gitaa kwa vitenge. Bon, Moussa aliamini hatari haimhusu. Yeye ni wa Kindu, hana shamba, hana upande. Nje watu walikuwa wanapiga kelele, na nyumba za barabara ya pili zilikuwa zinawaka. Papa Sadrack alitapika mlangoni kwa woga. Halafu akaingia.

"Tuende."

"Ngoja nimalize. Saidia kubeba."

"Moussa, wamefika kwa jirani."

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Moussa alibeba gitaa moja tu, la kwanza ambalo Sadrack alilichonga. Waliingia katika shamba la mihogo, wakalala kifudifudi. Wanaume wenye mapanga wakapita njiani, karibu sana, kiasi cha kunusa jasho lao. Moussa akajisogeza. Shina la muhogo likagusa uzi. Uzi ukalia.

Mwanaume mmoja akasimama.

Papa Sadrack alilaza kiganja juu ya nyuzi na kuzikandamiza. Moussa anasema alisikia meno ya rafiki yake yakigongana. Yule mwanaume alitazama mihogo, akatazama moto, akaitwa na wenzake. Akaenda.

Ndipo Papa Sadrack akalichukua lile gitaa taratibu na kulilaza kwenye udongo.

"Hapana," Moussa alinong'ona. "Ile ni ya kwanza."

"Gitaa nitachonga ingine. Wewe, ndeko yangu, ndugu yangu, nitakuchonga na mbao gani?"

Wakatambaa mpaka mtoni. Wakavuka. Nyumba iliungua na magitaa yote. Lile la shambani halikuonekana tena. Moussa akakaa kwa Papa Sadrack, kwenye chumba cha mbele, na bado anakaa humo.

Wasikilizaji, ningependa kuwaambia kwamba siku ile ilimwondolea Papa Sadrack woga. Wengi pale matangani walisema hivyo. Papa Moussa alinyanyua kichwa akawakatiza.

"Si kweli. Nilimushika mukono mu pirogue. Alitetemeka mpaka tulifika huku. Na usiku zote alilala karibu na mulango, amekaa. Aliogopa mpaka Mungu alimuchukua. Na alikuja kunichukua vile vile, na woga yake yote."

Papa Sadrack aliendelea kuchonga. Mikono ilikuwa inatetemeka sana, basi alikuwa anagonga na kusikiliza, na Jemima ndiye aliyeshika randa. Walimaliza magitaa matatu kwa ajili ya Moussa. La nne liko mezani, uso wake haujafungwa. Shinikizo la damu lilimchukua Papa Sadrack akiwa amekaa kitini. Jemima ameniambia atalimaliza mwenyewe, ila si leo, kwanza alie.

Mama Émilie, pole sana. Jemima, pole. Papa Moussa, pole kwa kufiwa na ndugu. Mungu amlaze Papa Sadrack mahali pasipo kelele.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, ninyi mnaolala na hofu katika mji huu wetu, sitawaambia muiache. Mimi mwenyewe ninayo. Ila kabla ya kuzima redio, jiulize: unaogopa nini? Na unamwogopea nani?