Bi Kitana Aliyesikia kwa Kioo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka msusi. Mtaa mzima ulimwita Bi Kitana. Ametutoka wiki hii, usingizini, kwa uzee. Alisuka vichwa vya mama zetu na vya watoto wetu kwa miaka mingi, na nusu ya miaka hiyo alisuka bila kusikia lolote.

Ilianza na sikio la kushoto. Ukimsalimu upande huo, haitikii. Watu wakasema ana maringo. Mdogo wake akamchokoza: "Dada, siku hizi salamu zetu zinalipiwa?" Bi Kitana akacheka. Alidhani ni nta tu.

Kisha akaja mteja aliyetaka kusukwa upya mbele peke yake. "Za nyuma usifumue," alisema, akasinzia. Bi Kitana alisikia "fumua". Ile "usi" ilipotea njiani. Mteja alipoamka, kichwa kizima kilikuwa timtim.

"Mama wee! Nilisema usi! Usifumue!"

Hapo Bi Kitana aliogopa. Hospitalini, picha zilionyesha vivimbe kwenye neva za kusikia, pande zote mbili.

"Si saratani," daktari alimwambia. "Vinakua polepole. Lakini tukiviacha vitabana ubongo. Tukivitoa, huenda usikivu ukaenda navyo."

"Na mikono?"

"Mikono itabaki."

"Basi toeni."

Vikatolewa, kimoja baada ya kingine. Usikivu ukaenda navyo. Wateja wakaanza kumkwepa. Msusi husimama nyuma ya mtu, sasa midomo ya kusoma maneno ataionea wapi?

Binti yake anasimulia: "Mama alinikalisha kwenye kiti cha wateja. Akasema, 'Mwanangu, ongea na kioo. Polepole.' Tuliongea na kioo kila siku, mpaka akaanza kunikatiza kama zamani."

Wateja wakarudi, mmoja mmoja. Wakazoea, wakasahau. Siku moja wifi yake, aliyekaa kwenye benchi nyuma yake, alimnong'oneza mwenzake: "Gauni gani lile amevaa?" Bi Kitana, macho kiooni, wala hakugeuka:

"Wifi, nililichagua mwenyewe. Unataka namba ya fundi?"

Saluni ikaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni wifi.

Kwa binti yake, mdogo wake na wajukuu, poleni sana. Tuko pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji, sikio moja likianza kufifia au kuvuma, msingoje. Nendeni mkapime. Na yule jirani asiyeitikia salamu, usimseme bado. Mzunguke. Simama mbele yake, umpe uso wako, kisha msalimu tena.