Shukrani Tuliyoitoa Mapema: Maisha ya Fundi Taratibu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mke wa marehemu. Aliyepangwa kusoma wasifu huu ni shemeji yangu, lakini sauti imemkatika, kwa hiyo mnivumilie.

Mume wangu, ambaye wengi mlimwita Fundi Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1988, mtoto wa tatu wa mama mkwe wangu aliyeketi hapa mbele, katika chumba kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na mama anasema alilia kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1996 hadi 2002, kisha akaingia karakana ya mjomba wake kujifunza kuchomelea, akatengeneza mageti na madirisha, na hakumkabidhi mtu geti mpaka amelifungua na kulifunga bila kelele, kwa sababu, alisema, huenda ndani kuna mtoto aliyelala.

Mwaka 2013 aliitwa kwetu kurekebisha bawaba ya mlango, akawa anarudi kuikagua, mama yangu akauliza ni fundi gani huyu asiyemaliza bawaba moja. Tulifunga ndoa kanisani tarehe 14 Juni 2014, Mungu akatujalia binti mwaka 2017, na huyu wa kiume niliyembeba, aliyezaliwa Februari mwaka huu.

Kifua kilianza kumsumbua mwishoni mwa 2022, ikafika mahali anapumua kwa mrija wa oksijeni, na daktari akatuambia wazi kwamba mapafu yamechoka. Tuliomba, tukafunga, kanisa likafunga pamoja nasi. Mwezi wa nane mwaka huu akapata nafuu, akatembea hadi nje bila mrija, nasi kwa furaha tukapeleka shukrani kanisani Jumapili ya tarehe 11, tukatangaza kwamba amepona, watu wakalia na kucheza. Alhamisi iliyofuata kifua kikabana tena.

Niliona aibu, nikamwambia nakwenda kumwomba mchungaji aifute shukrani ile mbele ya watu, maana tumemsingizia Mungu. Alivuta pumzi kwanza.

"Mke wangu, siku ile si nilipumua? Usimnyang'anye Mungu shukrani yake."

Tangu hapo mimi sikuweza kuomba tena, nilikaa tu nikimshika mgongo, yeye akatuombea sote wawili, neno moja kwa kila pumzi, mpaka asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2024 alipotuacha, nikiwa nambadilisha mtoto nguo.

Tunamshukuru daktari ambaye hakutudanganya, muuguzi aliyepasha mikono yake joto kabla ya kumgusa, jirani yetu wa ukuta mmoja aliyehamisha jiko lake la mkaa bila kuambiwa, na mafundi wenzake, ambao kila walipokuja kumwona walioga na kubadili nguo kwanza, wasimletee harufu ya moshi. Mchungaji, asante kwa kukaa nasi kimya.

Binti yetu ameniuliza kama Mungu alitusikia. Nilimwambia tu kwamba baba alipumua siku ile, nasi tulishukuru, na shukrani ile sijaenda kuifuta, wala sitaenda.

Nenda ukapumzike, baba watoto, katika amani ambayo mimi bado naitafuta.