Mwezi wa Nne, Siku Isiyojulikana: Wasifu wa Marehemu Pyo In-gwan (1941–2024)

Marehemu alinikataza kumpamba. "Ukinisomea," aliniambia, "usije ukanifanya malaika, watu wa Cheongho watacheka mbele ya jeneza." Kwa hiyo ninayoyasoma hapa, mimi binti yake Mi-rim, ni ya kweli kadiri ninavyoyajua. Aliyepaswa kusoma ni mdogo wangu Gi-tae, lakini tangu juzi hajaweza kumaliza mstari bila kulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1941 mjini Hungnam, mkoa wa Hamgyong Kusini, mtoto wa pili na wa mwisho wa Pyo Chi-baek, fundi wa mabomba, na Eom Gan-nan. Baba yake alifariki mwaka 1947. Kaka yake, In-seop, alimzidi miaka minane, na ndiye aliyemfundisha kuteleza kwenye barafu, kuiba viazi vya jirani na kudanganya kwa uso mkavu.

Desemba ya 1950, Wachina waliyarudisha nyuma majeshi ya Marekani yaliyokuwa yamepanda hadi kwetu, na mji mzima ukakimbilia bandarini. In-seop hakuwepo. Jeshi la kaskazini lilikuwa limemchukua tangu kiangazi kubeba magunia. Mama yao alimkabidhi In-gwan kwa mjomba, akasema, "Tangulieni. Nikimpata kaka yako, siku tatu tu nitakuwa nyuma yenu." Kisha askari wa kigeni, ambaye Marehemu hakumwona hata uso, alimshika mtoto mgongoni kwa koti na kumpandisha melini kama mtu anayepakia kabichi. Maisha yake yote Marehemu alisema mkono ule ndio uliomzaa mara ya pili. Mama hakuja siku ya tatu, wala mwaka wa tatu.

Meli iliwashusha kisiwani Geoje tarehe 25 Desemba, na huko Marehemu alisomea hemani, akiandika kwenye maboksi ya vyakula vya jeshi. Mwaka 1954 mjomba, Eom Tae-jun, alimleta hapa Cheongho, Sokcho, kwa sababu ile ile iliyowaleta wazee wengi waliopo hapa leo: mpaka wa kaskazini uko karibu, na njia ikifunguliwa, wawe wa kwanza kurudi. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1956, wa kwanza kwa hesabu, wa mwisho kwa kuimba. Baada ya hapo akaingia kwenye kibanda cha mjomba kukamua tambi za wanga wa viazi.

Mwaka 1967 alijitolea kwenda Vietnamu, jeshi letu lilipokuwa likipigana huko upande wa Wamarekani. Mjomba alimkatalia katakata. "Wewe una wazimu? Vita vimekula nyumba yako, halafu unavifuata kwa watu?"

"Mjomba, wasingekuja wao, mimi na wewe tungekuwa wapi? Sasa kule nako wapo wanaongoja mkono."

"Umejuaje kama wanakungoja wewe?"

Alikwenda. Alihudumu miezi kumi na minne mkoani Binh Dinh, akarudi Agosti 1968 na nishani moja na makovu matatu ya kucha chini ya sikio la kushoto. Tulipomuuliza, alisema ni miiba. Wazee wenzake wa kikosi, mlioweka bendera juu ya jeneza asubuhi hii, asanteni. Alikuwa akiwapenda, ingawa kwenye mikutano yenu alikuwa wa kwanza kuondoka.

Tarehe 11 Aprili 1970 alifunga ndoa na mama yetu, Gu Bun-nam, binti wa wauza ngisi wakavu kutoka Gangneung. Mwaka uliofuata wakafungua duka la tambi ambalo wote mnalijua. Mama, mtu wa kusini, hakuwahi kuelewa mabishano ya wateja wetu. Kila siku lazima mtu aulize: je, mataifa makubwa yalifanya vema kuingia kwenye vita vyetu kuzuia ukomunisti? Kila siku lazima bakuli moja lipoe kwa ubishi. Mama akipita na birika la mchuzi alikuwa akisema, "Mgeni aje, si vibaya. Ila avue viatu mlangoni." Marehemu alikuwa akimjibu kwamba nyumba ikiungua hakuna anayevua viatu. Wakati ule tulicheka tu. Ee, jinsi ninavyolikumbuka duka lile, mvuke wake, na wazee wanaogombana huku wakimiminiana pombe ya soju!

Mwaka 1975 mtu mmoja aliyedai kuwa na habari alimwambia Marehemu kwamba mama yake na kaka yake walikufa kwa mabomu. Alisadiki. Kwa kuwa hakujua siku, alifuata desturi ya wasiojua: siku ya tisa ya mwezi wa tisa kila mwaka alipanga meza ya tambiko, bakuli la mama na bakuli la kaka, akainama. Alifanya hivyo kwa miaka thelathini na mitano. Mimi ndiye niliyekuwa nachoma samaki.

Septemba 2010 ikaja barua ya Msalaba Mwekundu. Pyo In-seop, miaka sabini na saba, yu hai, anamtafuta mdogo wake. Mama mzazi: marehemu. Basi. Hakuna tarehe.

Tulikwenda watatu, Marehemu, Mama na mimi, mlimani Kumgang, upande wa kaskazini, kwenye mkutano wa ndugu waliotenganishwa na mpaka, kwa siku tatu, kuanzia tarehe 30 Oktoba. Ukumbi mzima ulikuwa kilio. Baba alipiga magoti, akakiri kosa lake la kumtambikia mtu mzima wa afya. Baba Mkubwa akamtazama, uso mkavu.

"Miaka thelathini na mitano unanilisha chakula cha maiti?"

"Nisamehe, Kaka."

"Ndiyo maana nilikuwa najisikia nimeshiba bila sababu!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Natamani ningeishia hapo.

Siku ya pili, kwenye chakula cha mchana, Baba Mkubwa alimimina kinywaji akasema, kama anayeongea na kikombe, "Hao wageni wako wasingekuja, vita vingekwisha kabla hatujavuna kabichi. Mama angezikwa na wanawe wawili."

"Na Wachina wako wasingevuka mto, ningekula mwaka mpya nyumbani."

"Walivuka kwa sababu wako walikuja!"

"Na wangu walikuja kwa sababu ninyi mlianza!"

"Nani alianza? Mimi? Nilikuwa nabeba magunia, nina miaka kumi na saba!"

"Kaka, mkono wa yule askari ndio ulioniweka hai."

"Sawa, wewe ulipandishwa meli. Halafu ukaenda Vietnamu. Shemeji kaniambia. Wale walikukosea nini?"

Baba akaweka vijiti mezani, akageuza kiti. Kuanzia hapo ndugu wawili ambao hawakuonana kwa miaka sitini walikaa meza moja wakizungumza kupitia kwa Mama.

"Shemeji, mwambie mumeo apitishe samaki."

"Mwambie Kaka samaki yuko mbele yake."

"Ebo!" Mama akasema. "Mmenigeuza simu? Ongeeni, wanaume ninyi, muda unakwisha!"

Sikuwahi kukasirika na Baba kama siku ile, na ninalisema mbele yenu. Nilimnong'oneza, "Muulize tarehe aliyokufa Bibi." Akasema, "Kesho." Mdogo ndiye anayepaswa kuanza kuomba radhi, hilo analijua kila mtoto wa kwetu, na yeye hakuanza.

Kesho yake tulipewa saa moja ya kuagana. Walikumbatiana, wakalia, wala hakuna aliyeomba radhi kwa maneno. Baba Mkubwa alikwishapanda basi lao na kioo kimefungwa ndipo Baba alipokumbuka. Alipiga kioo kwa viganja viwili. "Kaka! Mama! Siku gani? Mama siku gani?"

Baba Mkubwa alielewa. Akainua vidole vinne: mwezi wa nne. Kisha akainua mikono yote miwili kuonyesha siku, na papo hapo basi likaondoka, watu wakajazana mbele yetu. Baba alikimbia na basi hadi askari alipomshika. Hakuona.

Ndani ya basi letu la kurudi, bila kuulizwa, alitueleza makovu. Huko Binh Dinh waliamriwa kuhamisha kijiji ili waasi wasipate pa kula. Bibi mmoja alikataa kuondoka. Baba alimbeba mgongoni, kwa upole, akampandisha lori, akijiona ndiye yule askari wa Hungnam. Bibi yule alimparura hadi damu, akinyoosha kidole nyuma ya nyumba. Kulikuwa na makaburi matatu. "Nilielewa anachosema," Baba alisema, "na sijui hata neno moja la lugha yao. Kaka aliniuliza walinikosea nini. Ningemjibu nini? Nikakasirika." Mama alimshika mkono mpaka Sokcho.

Hatukupata barua nyingine, na mikutano ile ilipofanyika tena hatukuitwa. Kuanzia 2011, mwezi wa nne wa kalenda ya zamani ulipoingia, Marehemu alimwekea mama yake bakuli la wali kila siku, kuanzia mwezi mwandamo hadi mwisho, ili asiikose siku yenyewe. Siku ishirini na tisa, au thelathini, kila mwaka, kwa miaka kumi na mitatu. Mama alilalamika, "Mama mkwe atavimbiwa!" lakini wali aliupika yeye.

Marehemu alianza kuugua mapafu Novemba 2022. Alilazwa hapa Sokcho mara nne. Mwezi uliopita nilimuuliza, kwa kuwa maisha yake yote nilimsikia akibishana, je, walifanya vema kuja? "Wasingekuja, nisingekuwepo, wala wewe," alisema. "Walipokuja, mama yangu alibaki ng'ambo. Mi-rim, hilo sitalimaliza. Lakini mimi nilipokwenda kwa yule bibi, sikumuuliza kitu. Hilo ni langu, si la Marekani wala la nani." Akapumzika, kisha akasema lililomsumbua: "Mwezi wa nne unakuja na mimi sitakuwepo. Mama atakosa siku."

Nikamwambia nitaweka mabakuli yote thelathini. Akakataa. "Siku yangu mimi mtaijua. Daktari ataiandika, na saa yake. Mwekeeni mama bakuli lake siku hiyo hiyo."

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka themanini na miwili. Kwa kalenda ya zamani ni siku ya tano ya mwezi wa pili.

Ameacha mjane, Gu Bun-nam. Watoto wawili, Mi-rim na Gi-tae. Mkwe mmoja, na wajukuu watatu. Ameacha pia kaka, Pyo In-seop, wa Hungnam, mwenye miaka tisini na mmoja. Karani wa mazishi aliniuliza kama nina hakika. Sina. Namwandika hai, na atakuwa hai katika nyumba yetu hadi mtu aje na tarehe.

Na Bibi yetu, Eom Gan-nan, ambaye hakuna kati yetu aliyemwona, tangu juzi ana siku yake: ya tano, mwezi wa pili. Mwakani tutaweka mabakuli mawili.

Mama na mwana, walale salama.