Jirani Aliyetolewa Katika Hadithi

Ndani ya minibasi iliyotoka mtaa wa Katuba, Mama Kapinga alimwambia muuza vitenge aliyeketi naye kwamba mwanawe alikuwa anahutubia mkutano wa chama mjini.

"Anaelezea vile bantu ba hapa balitufukuza, siye bantu ba Kasai."

"Alikuwa na myaka ngapi?"

"Alikuwa hayazaliwa. Mimi njo nilimuelezea, juu asisahau." Alisema hivyo kwa fahari iliyokwisha kuchoka.

"Hakuna hata mumoja wa hapa mwenye alibasaidia?"

"Jirani yetu. Alitufichaka kwake na batoto."

"Na mwanako anamutaja?"

Mama Kapinga aligeukia dirisha. "Zamani alikuwa anamutaja. Sasa amemutoa. Anasema, akimutaja, bantu habapigake makofi."

Minibasi ikasimama. Kutoka uwanja wa mkutano, makofi yalikuwa yanasikika.